Nani Aliyekisukuma Chombo Baharini?

Ninyi wa Kangeta, Maua, Laare na Muthara mmeamka kabla ya jua. Najua wengine wenu mnakunywa chai ya kwanza, na wengine mko shambani tayari, juu ya mti, na redio imetundikwa katika tawi. Basi sikilizeni hapo hapo mlipo, msishuke.

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya bahari. Najua mtu wa Kangeta atauliza, “Bahari yanihusu nini? Mimi nina ukungu wa Nyambene na udongo mwekundu, na maji ninayoyajua ni yale ya mtungini.” Ngoja kidogo, ndugu yangu.

Wazee wetu Wameru husimulia ya kwamba hatukuanzia milimani. Tulitoka Mbwaa, mahali palipozungukwa na maji, ambapo watu wa nguo nyekundu, Nguuntune, walitutumikisha. Tukatoroka usiku. Maji yakagawanyika mbele ya kiongozi na fimbo yake, na watu wakavuka makundi makundi: waliovuka gizani wakaitwa Njiru, waliovuka alfajiri wakaitwa Ntune, na waliovuka jua likiwa limetoka wakaitwa Njeru. Wako wataalamu waliosema ya kwamba Mbwaa ni kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Wengine hawakubali, na mimi si mwamuzi wao. Lakini mimi nimepita kati ya Manda na bara, katika mlango mwembamba wa maji unaoitwa Mkanda, na nimeyaona maji ya pale. Yakijaa, boti yapita. Yakipwa, pabaki matope na mikoko, na ndege wenye miguu mirefu wakitembea pale palipokuwa na bahari asubuhi. Tangu siku ile nasikiliza hadithi ya wazee kwa heshima zaidi.

Na hata leo hatujaachana na bahari. Ninyi mnajua kuliko mimi jinsi miraa inavyosafiri. Yachumwa asubuhi, yafungwa surba kwa surba, surba kumi zafanya bunda, na bunda lafunikwa majani ya mgomba lisikauke. Tangu hapo mwenye mali anashindana na saa. Siku mbili zikipita, nguvu imekwisha na bei imekwisha. Ndiyo sababu magari yale yanakimbia kama yanavyokimbia, na ninyi mnaokaa kando ya barabara ya Meru na Maua hamhitaji kuelezwa na mtu wa redio. Sehemu ya mzigo huo yashuka pwani, yafika Mombasa na Malindi, yafika mpaka Lamu na visiwa vyake. Juu ya kutafuna miraa nina maoni yangu, na nimekwisha kuyasema mahali pengine bila kupendwa sana. Leo si siku yake. Leo nasema juu ya haraka.

Pwani yetu ina pepo mbili kubwa katika mwaka. Kaskazi huvuma kutoka karibu na mwezi wa Desemba mpaka Machi, na bahari huwa pole. Kisha huja Kusi, upepo utokao upande wa kusini na mashariki, na katika miezi ya Juni, Julai na Agosti huwa na nguvu nyingi. Wavuvi wa vyombo vidogo hukaa nyumbani siku nyingi. Idara ya Hali ya Hewa hutoa onyo juu ya upepo mkali na mawimbi makubwa, na onyo hilo husomwa katika redio hizi hizi zetu. Sisi wa bara tukilisikia, tunangoja liishe tupate habari za mvua yetu.

Ilikuwa katika Julai moja ya namna hiyo nilipofika gati la Mokowe, kwenye bara, nikienda kisiwa cha Pate. Walimu na askari kutoka huku kwetu wanaofanya kazi kule walikuwa wameomba mtu wa kukaa nao Jumapili moja. Boti yetu ilikuwa ya faiba, wazi, na mashine moja nyuma. Tulikuwa watu kumi na mmoja pamoja na mtoto mmoja mdogo, na majaketi ya kujiokoa yalikuwa saba. Kwa siku njema safari ile si ndefu. Boti yapita Mkanda, yatoka katika ghuba pana iliyo kati ya Manda na Pate, yaivuka, na mara mtu yuko gati la Mtangawanda.

Nahodha alikuwa Mbajuni wa makamo, mtu wa maneno machache. Yeye alitaka kuondoka saa mbili na nusu, maji yakiwa bado yanajaa. Lakini mzigo wa miraa ulikuwa haujafika. Kijana wetu mmoja kutoka Igembe, aliyekuwa akiupokea mzigo huo kila mara, alimwomba angoje. Tukangoja. Saa tatu, hakuna gari. Saa nne, maji yakajaa yakasimama. Saa tano gari likafika, na dereva akashuka akieleza ya kwamba walichelewa kupakia huko juu, Kangeta. Saa moja ya kule ilikuwa imezaa saa mbili na nusu za huku.

Nahodha akayatazama maji, akaniambia, “Mzee, maji yamegeuka. Tukitoka sasa, tutafika pale mbele yanatoka kwenda nje, na upepo unaingia ndani. Hayo mawili yakikutana, wimbi linasimama. Tulale. Kesho mapema tutapita salama.”

Nawaombeni mlishike neno hilo, kwa maana ni elimu kubwa. Sisi wa bara tunadhani ya kwamba hatari ya bahari ni upepo tu. Sivyo. Upepo na mkondo vikienda upande mmoja, mawimbi huwa marefu na ya taratibu, na chombo hupanda na kushuka kama mtu anayepita vilima. Lakini mkondo ukienda kinyume cha upepo, mawimbi yale yale hubanwa, yakawa mafupi na yenye mgongo mkali, nalo moja halijaisha kabla ya la pili kufika. Upepo haukuongezeka hata kidogo. Kilichobadilika ni saa ya kuondoka.

Nikamjibu nahodha kwamba mimi naweza kulala tena Mokowe bila shida. Mwalimu mmoja akasema yeye hawezi, shule inamngoja. Mama mwenye mtoto hakusema neno. Kisha simu ya yule kijana ikalia. Nilisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, kwa Kimeru. Alisema, “Baba, nahodha anasema kesho.” Akanyamaza muda mrefu. Halafu, “Ndiyo, baba. Ndiyo. Najua.” Akaiweka simu mfukoni, akamwendea nahodha, wakaenda pembeni, na nikaona noti zikihesabiwa. Nahodha akazishika bila kuzitia mfukoni, akatazama tena bahari. Alikuwa amenieleza asubuhi ya kwamba ana watoto wawili katika shule ya bweni. Halafu akatuita tupande.

Ndani ya Mkanda palikuwa shwari. Mikoko ilitukinga pande mbili, na yule mwalimu akacheka, akasema, “Mnaona? Tungelala bure.” Tulipotoka kwenye ghuba mvua ilikuwa imekuja juu yetu kutoka baharini, nyeupe kama shuka, na Pate haikuonekana. Upepo ulitupiga ubavu wa kulia. Wimbi la kwanza lilitumwagia maji magotini. Nahodha akapunguza mwendo, na kuanzia hapo nilijua ya kwamba mtu huyu anaijua kazi yake. Chombo chepesi kikikimbizwa juu ya mawimbi kama yale, hurushwa hewani na kuanguka kwa kishindo mpaka faiba ipasuke. Kikiyapa ubavu, hupinduliwa. Basi yeye aliliona kila wimbi kubwa likija, akaligeuzia pua ya boti kidogo, akalipanda kwa mshazari, akashuka upande wa pili, akarudi katika njia yake. Tulikwenda kama mtu anayeshuka mlima kwa kuzungukazunguka. Aliyekaa mbele alikuwa akichota maji kwa galoni lililokatwa na kuyamwaga nje, naye hakuweza kuyashinda.

Katikati ya ghuba mashine ikazima.

Sitawaelezea sana. Boti isiyo na mashine hugeuka yenyewe na kulala kati ya mawimbi, ubavu nje. Nahodha aliacha usukani akainama juu ya mashine, akifungua mpira wa petroli ulioingia maji, na mikono yake haikutetemeka. Alisema neno moja tu bila kuinua kichwa: “Punguzeni.” Hapakuwa na cha kupunguza ila miraa. Yule kijana ndiye aliyeanza. Alilishika gunia la kwanza, akalitazama, akalitupa. Kisha la pili, na mwalimu akamsaidia la tatu. Mtoto alikuwa amefungwa ndani ya jaketi kubwa kuliko yeye, na mama yake alikuwa akimwambia jambo sikioni, lile lile, bila kukoma. Magunia yalielea nyuma yetu, majani ya mgomba yakifunguka. Halafu mashine ikakohoa, ikashika.

Tulifika Mtangawanda jioni. Yule kijana alikaa juu ya gati, simu imelowa mkononi, akaniuliza, “Mzee, nitamwambia nini baba?”

Nimeliweka swali lile moyoni, na ndilo lililonirudisha kwenye Matendo ya Mitume, mlango wa 27. Nawaomba msome mlango wote leo jioni, pamoja na watoto. Ni habari ya safari ya baharini iliyoandikwa na mtu aliyekuwamo chomboni, na baharia yeyote wa Lamu akiisoma atasema ya kwamba mwandishi hakusimuliwa. Mtume Paulo alikuwa mfungwa, akipelekwa Roma chini ya akida mmoja jina lake Yulio. Walikuwa watu 276 katika merikebu ya Iskanderia. Msimu wa kusafiri ulikuwa unakwisha, hata siku ya kufunga ilikuwa imepita. Wakafika Krete, mahali paitwapo Bandari Nzuri, na Paulo akawaonya: tukiendelea kutakuwa na hasara ya mzigo, na ya chombo, na ya roho zetu pia. Akida alikuwa mtu mwema, kwa maana mlango ule unaonyesha alivyomtendea Paulo kwa hisani. Hata hivyo aliwasikiliza zaidi nahodha na mwenye merikebu.

Kwa nini mwenye merikebu alikuwa na haraka? Mimi nilisoma mlango huu miaka mingi bila kujiuliza. Jibu limefichwa karibu na mwisho, walipouachilia mzigo baharini, nasi tunaambiwa ulikuwa nini: ngano. Ngano ya Misri, inayokwenda Roma. Mji ule ulikuwa na watu wengi kupita kiasi, na haukuweza kujilisha. Kaisari Klaudio, aliyetawala kutoka mwaka 41 mpaka 54, wakati mmoja wa upungufu alizingirwa na watu wenye njaa sokoni, wakamtupia matusi na vipande vya mikate. Baada ya hapo akawaahidi wafanya biashara ya ngano ya kwamba yeye mwenyewe atabeba hasara yao kama tufani itaharibu vyombo vyao, mradi wasafiri hata wakati wa baridi. Basi mnaona! Klaudio alikuwa amekwisha kufa Paulo alipopanda merikebu ile, lakini desturi ya haraka ilikuwa imejengwa. Tajiri alirudishiwa mzigo wake. Baharia aliyezama hakuna aliyemrudisha.

Na upepo wa kusini ukavuma pole pole, wakafikiri wamepata walilotaka. Ndivyo Mkanda ulivyokuwa shwari na mwalimu wetu akacheka. Halafu ikaja ile tufani iitwayo Eurakilo, siku kumi na nne, bila jua wala nyota. Wakapima kina wakapata pima 20, wakapima tena wakapata 15, wakatupa nanga nne kwa nyuma wakingoja kuche. Mabaharia wakajifanya kwamba wanakwenda kutupa nanga mbele, kumbe wanashusha mashua ndogo wakimbie. Hata hilo nimelielewa upya. Ukimtia mtu wa kazi katika hatari kwa ajili ya faida ambayo si yake, usishangae akitafuta njia yake peke yake.

Mtu ataniambia hizo ni habari za zamani, sasa tuna mashine. Tarehe 18 Julai 2012, katika Kusi, boti ya abiria iitwayo MV Skagit ilitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe katika upepo mkali na mawimbi. Boti hiyo iliundwa mwaka 1989 na ikafanya kazi miaka mingi Puget Sound, katika jimbo la Washington, Marekani, kwenye maji yaliyokumbatiwa na nchi kavu kama mtoto mgongoni. Huko ilikuwa boti njema. Lakini mtu fulani aliinunua, mwingine akaiandikisha, mwingine akauza tiketi, na asubuhi ile hapana hata mmoja wao aliyelazimika kuushika usukani. Tena msiba wa MV Spice Islander, uliotokea Septemba 2011 karibu na Nungwi, ulikuwa haujatimiza mwaka. Matanga yalikuwa bado mapya.

Wala si lazima pawepo tufani. Kivuko cha Mtongwe, Mombasa, kilipinduka asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994, hatua chache kutoka gati, na watu 272 wakafa. Walikuwa wakienda kazini. Walikuwa na haraka, kama mimi na wewe siku yo yote ya kazi.

Sasa nirudi Kangeta, kwa yule baba wa kwenye simu. Sikumwona, na sitaki mtu aanze kubahatisha ni nani. Wala simhukumu kuwa mtu mbaya. Alikuwa na wachumaji wa kulipwa jioni ile ile. Huenda alikuwa na deni la gari. Alisimama mlangoni pa duka, jua likiwaka juu ya Nyambene, akasikia neno “kesho”, na katika masikio yake “kesho” maana yake ni majani makavu. Simu yaweza kuleta sauti ya mtoto wako kutoka Mokowe mpaka Kangeta wazi kabisa, lakini haileti wimbi. Haileti lile tazamo la nahodha. Basi aliyesukuma boti ile katika ghuba ni nani? Nahodha alizipokea noti, ni kweli. Kijana alizitoa. Mwalimu alinung'unika. Lakini mkono wa kwanza ulisukuma kutoka juu kabisa, mahali ambapo hakuna hata mto wa kuogelea, na mwenye mkono hakujua ya kwamba ameshika chombo.

Ninyi mnaotuma mzigo pwani, sina elimu ya biashara ya kuwafundisha. Lakini naweza kuuliza maswali ya mtu aliyelowa. Katika hesabu yako ya mwezi wa Julai, umeweka siku ngapi za kusimama? Kama hukuweka hata moja, umeweka roho ya mtu mahali pake. Je, kijana wako anayepokea mzigo ana ruhusa yako ya kusema “kesho” bila kukupigia? Mpe ruhusa hiyo leo, akiwa nyumbani na tumbo limeshiba, kwa maana hataweza kuiomba siku ya tufani. Na gari lako likichelewa saa moja sokoni kwa kubishana juu ya bunda tatu, jua ya kwamba maji ya Mkanda hayasikii mabishano. Yanajaa kwa saa yake na kupwa kwa saa yake, tangu siku za Mbwaa.

Na wewe ambaye huna mzigo wowote, una abiria. Una mtoto wa shule katika matatu usiku, unayemwambia awe amefika kabla ya chakula. Una mchungaji uliyemwalika, unayemlaumu kwa kuchelewa. Unampigia dereva mara ya tatu kuuliza amefika wapi. Mimi napanda vyombo hivyo kila juma, na nawasikia madereva wakijibu simu zile. Mguu unakwenda chini kila simu ikiisha.

Kijana yule alimpigia baba yake usiku ule, kwa simu ya mmoja wa walimu. Nilikuwa chumba cha pili na sikusikiliza, ila kuta za kule ni nyembamba. Alieleza habari za magunia. Pakawa kimya. Kisha alisema, “La, baba, mimi ni mzima,” na baada ya muda akasema tena, “Mimi ni mzima,” kama mtu anayeulizwa mara ya pili jambo lile lile.

Watu 276 wa merikebu ile walifika pwani wote, wengine kwa kuogelea na wengine juu ya mbao, wakatambua ya kwamba kisiwa kile kinaitwa Melita, ambacho sasa ni nchi ya Malta. Wenyeji wakawawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi. Wakakaa pale miezi mitatu. Halafu wakaondoka katika merikebu nyingine, nayo ya Iskanderia vile vile, yenye alama ya Ndugu Pacha. Hiyo ilikuwa imekaa kisiwani wakati wote wa baridi, imefungwa, ikingoja. Ndiyo iliyowafikisha Italia.